Mdiria wa Mto Drawa

Barafu iliufunga mto kwa usiku mmoja
kama mfuniko uliokwama kwenye sufuria.
Asubuhi Otylia alishuka na shoka la Walenty
akapasua tundu la ukubwa wa meza ya watu wawili.
Mimi nilikuwa na rula yangu ndefu, mtumishi wa ofisi ya maji,
nimetumwa kupima kina, nikakuta kina kimefungwa.
Nikamuuliza kama anavua.
"Samaki mimi nanunua dukani," akasema.
"Hili lina mwenyewe. Subiri. Na meno yako yasigongane."

Akaja.
Sikuona ndege, niliona mstari:
buluu iliyopita chini chini, kimo cha goti,
na mluzi mkali ukitangulia, kama baiskeli isiyo na breki.
Kisha tawi likatikisika, na pale palipokuwa patupu
pana kichwa kikubwa, mdomo kama shazia ya kushonea magunia,
mkia mfupi, kana kwamba kitambaa hakikutosha,
miguu myekundu, vidole vya mbele
vimeshikana tangu shinani, havitaki kuachana.
Fundi wake alichukua vipimo vya ndege watatu
akashona hivyo hivyo.

"Mdomo wa chini una wekundu," Otylia akanong'ona. "Basi ni jike.
Dume ni mweusi mdomo mzima. Huyo sijamwona tangu Krismasi."
Midomo yake mwenyewe ilikuwa imepasuka kwa baridi.
Rangi hajapaka tangu mazishi.

Watu wa huku humwita Mzaliwa wa Baridi.
Otylia hakubali. Anasema ndimi za kale ziliteleza,
jina lilikuwa Mzaliwa wa Udongo,
kwa kuwa huanguliwa ndani ya ukingo, mwisho wa shimo
refu kama mkono wa mtu mzima,
juu ya tandiko la miba ya samaki, katika uvundo,
kutoka yai jeupe pe, maana gizani
urembo wa ganda ni wa kumwonyesha nani?
"Baridi haimzai," akasema. "Baridi humla."

Akatumbukia. Nilihesabu moja, sijafika mbili,
akawa tawini tena, kisamaki kikimeremeta mdomoni.
Akakibamiza kwenye gome mara sita (kuhesabu ndiyo kazi yangu),
akakigeuza, akameza.

"Kichwa kwanza, mapezi yasikwaruze koo.
Ila ukimwona dume kashika samaki, kichwa kikitazama nje,
ujue si chakula chake. Anampelekea mtu."

Jikoni alifungua kitabu cha sala, akatoa unyoya.
Nikauinua mbele ya dirisha: kahawia, kama chai iliyolala.
Nikauinamisha: buluu ikarudi, mzima mzima.
"Rangi haimo humo," alisema. "Ni mwanga tu unapita ukicheza.
Walenty aliwahi kuusaga mmoja kwa kijiko, aitafute.
Akapata vumbi jeusi. Alinuna hadi Jumapili."
Akacheka, kisha akakifunga kitabu polepole
kama afungaye mlango wa chumba cha mtoto aliyelala.

Jioni tundu lilikuwa limeanza kupona.
Niliomba shoka, nikakata kingo, vibaya,
vipande vikanirukia usoni.
Nilipomrudishia, sijui kwa nini nililigeuza:
mpini kwake, makali kwangu.
Mkono wake ukasimama hewani.
Aliutazama mpini, akautazama mto,
akautazama mpini tena.
"Kesho uje na glavu," akasema.

Katika daftari la ofisi, safu ya kina cha maji,
niliandika: hakikupimika.
Pembeni, pasipo na safu yoyote, kwa penseli:
jike mmoja, yu hai, saa tatu na robo.